Fangasi ukeni: kidonge cha kumeza au vya kuweka?
Katika maduka ya dawa ya Moshi, ambako wengi husema "nawashwa" kwa kunong'ona, mwanamke mwenye fangasi huuziwa ama flukonazo, kidonge kimoja cha miligramu 150 cha kumeza, ama klotrimazo, vidonge vya miligramu 100 vinavyowekwa ukeni usiku sita mfululizo.

Kwa kuponya, zinakaribiana sana. Flukonazo hushinda kwa wepesi, maana humezwa mara moja tu. Klotrimazo ina usumbufu: asubuhi huacha unga mweupe kwenye chupi, na yaweza kudhoofisha kondomu. Hata hivyo, kwa mjamzito ndiyo ya kuchagua, kwani flukonazo haishauriwi; na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwone daktari kwanza, asichague yoyote mwenyewe.

Ulinganisho huu wote (wauzaji wengine husahau kuuliza) unahusu ute mweupe, mzito kama maziwa mgando, usio na harufu kali. Ukiwa wa kijivu na kunuka shombo, au wa kijani wenye povu, au ukiambatana na maumivu chini ya kitovu, unahitaji vipimo na dawa nyingine kabisa. Na muwasho unaorudi mara nne kwa mwaka unahitaji pia kupimwa sukari.