Ndege ya Kwanza ya Rimoti: Ununue Ipi, Uache Ipi

Anayeniuliza aanze na ndege gani ya rimoti karibu kila mara ameshashika simu mkononi, na kwenye kioo kuna ndege ya kivita ya enzi za Vita Kuu ya Pili: bawa liko chini ya tumbo, pua ndefu, rangi zimekolea. Namwelewa, kwa sababu nami nilianza na hiyo hiyo. Niliiagiza nje, nikasubiri miezi miwili, nikailipia forodha. Asubuhi ya kwanza ikakaa hewani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Bawa moja lilipoinama nilivuta fimbo nikitaka ipande, mwendo ukaisha, ikajipindua na kuchoma ardhi kwa pua. Bawa la akiba halikupatikana nchini, na duka lililoniuzia halikujibu ujumbe wangu hata mmoja.

Tangu siku ile, kabla sijauliza ndege inaruka vipi, nauliza ikivunjika nitaitengeneza na nini nikiwa hapa Dar. Mpangilio ulio hapa chini umetokana na swali hilo. Mtu wa Ujerumani au Marekani, ambaye kipuri kinamfikia baada ya siku mbili, angepanga tofauti.

Rimoti kwanza

Ndege zitakuja na kuondoka, rimoti itabaki. Weka pesa hapo. Ya bei nafuu ninayoiamini ni FlySky FS-i6: ina chaneli sita (kila moja inaongoza kitu kimoja), huja na risiva yake, yaani kipokezi kinachokaa ndani ya ndege, inatumia betri nne za AA za dukani kwa Mangi. Ndege ya kujifunzia haidai zaidi ya chaneli nne, yaani moto (kasi ya mota), elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua), usukani wa mkia na aileroni (vibao vya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia). Ukiweza kuongeza kidogo, chukua RadioMaster Pocket. Inaingia kwenye begi la shule, na ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB unaitumia moja kwa moja kwenye programu ya mazoezi ya kurusha. Angalia tu kwamba risiva yake unainunua pembeni na lazima iendane na toleo la redio: Pocket ya ELRS (aina moja ya mawasiliano ya redio) inataka risiva ya ELRS. Zote mbili kwa kawaida ziko chini ya dola 100.

Ndugu aliye Uingereza au Marekani akikuahidi rimoti yake ya zamani yenye antena ndefu ya chuma, mshukuru, lakini usiirushie ndege. Zile ni za masafa ya 35 MHz na 72 MHz, watu wawili wakitumia masafa yale yale ndege huanguka, na risiva zake siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Chukua ya 2.4 GHz. Na kama kuna mtu wa kukufundisha, muulize moto wake uko fimbo ya kushoto au ya kulia, ununue ya upande huo huo.

Kabla ndege haijafika, fanya saa kumi au zaidi kwenye programu ya mazoezi. PicaSim ni ya bure na inatosha kabisa. Jambo moja litakalokusumbua ni ndege inapokuja kukuelekea, maana kushoto kunakuwa kulia. Dawa yake ni fupi: tazama bawa lililoinama, sukuma fimbo ya aileroni upande huo, kana kwamba unaliwekea kiegemeo. Rudia mpaka kidole kifanye chenyewe.

Nafasi ya kwanza: ya fomubodi, uliyoikata mwenyewe

Fomubodi ni ile bodi nyepesi ya milimita tano yenye karatasi pande zote mbili, ambayo wanafunzi wa usanifu majengo hutengenezea mifano ya nyumba. Maduka makubwa ya vifaa vya ofisi huwa nayo. Flite Test wa Marekani, wabunifu wa ndege za fomubodi, wanatoa michoro ya ndege nyingi bure. Unaichapisha, unaiunga kwa selotepu, unakata kwa wembe mkali. Anza na FT Tiny Trainer au FT Simple Cub: bawa liko juu ya mwili, na ndege za namna hiyo huwa tulivu.

Mota, kidhibiti kasi na servo (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya ndege) hutafuti mbali. Wanaouzia wanafunzi wa vyuo vifaa vya elektroniki kama Arduino, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, mara nyingi huwa na mota ya A2212 ya 1000 Kv (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), kidhibiti cha ampea 30 na servo za SG90 za gramu tisa. Mota hiyo ikipewa betri ya seli tatu na propela ya inchi 10 inavuta vizuri ndege ya gramu 600 au 700. Tiny Trainer ni ndogo kwa mota hiyo, itakaa vizuri zaidi kwenye Simple Cub. Kwa hiyo linganisha mota na mchoro kabla hujalipa.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza niliiona kwa macho. Mpwa wangu aliichomeka yetu kwenye tuta la mchanga, pua ikakunjamana kama boksi la maziwa lililokanyagwa. Aliinyoosha kwa vidole, akapitisha vijiti viwili vya mishikaki ndani ya fomu, akajaza gundi ya moto, akafunga selotepu. Tulikuwa tumekaa chini ya mkungu, na chai ya kwenye chupa ilikuwa bado ya moto aliponiambia twende tena. Bawa jipya ni bodi moja na jioni moja. Mtoto anayejua hilo harushi kwa woga.

Kinachoua ndege hizi ni uzani usiolingana mbele na nyuma. Shika bawa kwa ncha za vidole pale mchoro ulipoweka alama, kwa kawaida robo au karibu theluthi ya upana wake ukipima kutoka mbele. Ndege ikae sawa au ining'inize pua kidogo. Mkia ukishuka, usiirushe, sogeza betri mbele kwanza.

Nafasi ya pili: HobbyZone AeroScout

Kwa kuruka tu, hii ni bora kuliko yangu ya fomubodi, nalisema bila kusita. Bawa lake ni mita 1.1, propela iko nyuma ya bawa kwa hiyo ukitua kwa pua haikatiki, na ina mfumo wa SAFE unaoizuia isijipindue. Ukichanganyikiwa unabonyeza swichi, inajinyoosha yenyewe. Ikija na rimoti yake huzidi dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Kama una jamaa anayekuja likizo kutoka nje na pesa ipo, mwambie alete pamoja na bawa la akiba na propela mbili. Betri lazima aziweke kwenye mzigo wa mkononi. Ya seli tatu ya 2200 mAh ni takribani Wh 24 (wati-saa), chini sana ya kikomo cha Wh 100 cha mashirika ya ndege.

Nafasi ya tatu: Volantex Sport Cub 500

Ina bawa la nusu mita, inajisawazisha, ni ya bei ya chini na inaruka hata uwanja wa shule. Tatizo ni upepo. Pwani, msimu wa kusi, ikifika saa nne asubuhi, inapeperushwa kama mfuko wa plastiki. Kwa mtu wa bara kwenye asubuhi tulivu, sawa.

Za kuacha kwa sasa

Ndege za kivita, jeti, na za injini ya mafuta. Za mbao za balsa nazipenda sana, lakini wiki sita za kazi hazistahili kuishia kwenye mruko wa kwanza.

Aliye Nairobi au Mbeya aongeze jambo moja: kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, hivyo ndege hutaka mwendo zaidi ili isianguke. Ipunguzie uzito, na usitue polepole.

Betri na chaja

Hapa sina masihara. Betri ya LiPo (ya lithiamu, ndiyo inayoendesha ndege hizi) ikichajiwa vibaya huwaka moto usiozimika kwa maji ya kopo. Nunua chaja ya balansi (inayosawazisha seli) ya aina ya B6, chaji 2200 mAh kwa ampea 2.2, juu ya vigae au sufuria yenye mchanga, na usiondoke chumbani. Usiirushe hadi chini ya volti 3.5 kwa seli. Kengele ndogo ya betri itakupigia kelele mapema. Ukiiweka wiki nzima, iache kwenye volti 3.8. Iliyovimba usiichaji tena.

Kabla ya kuagiza chochote kinachoruka, uliza TCAA au KCAA (mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya) kuhusu vibali, kwani mzigo unaweza kukwama forodhani. Ukirusha, kaa mbali na viwanja vya ndege na vichwa vya watu. Nenda saa kumi na mbili na nusu alfajiri, bahari ikiwa bado haijaanza kupuliza.

Na ndani ya bawa andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika. Moja yetu ilichukuliwa na upepo ikavuka minazi. Siku ya tatu alipiga mvuvi, akauliza kama mwenye "mwewe wa karatasi" ndiye mimi.