Kadi za maswali ya besiboli: nimefungua rundo la wafupi

Haya, karibuni. Leo mezani lipo hili boksi la kadi za maswali na majibu ya besiboli ya Marekani. Lebo nimeibandika karatasi juu makusudi. Waliolitengeneza hawajanilipa, nimenunua kwa hela yangu, na kuna mambo nitayasema hawatayapenda, kwa hiyo jina lao libaki humo humo chini ya karatasi.

Kadi zimegawanywa kwa rangi. Za bluu ni rekodi, nyekundu ni viwanja, kijani sijui waliwaza nini, ni mchanganyiko tu. Za njano ndizo zilizonifanya nitoe pesa: wachezaji wafupi kupita kawaida waliofika ligi kuu. Mimi naishi hapa Houston, na kwenye mji huu mtu mfupi mwenye rungu mkononi anaheshimiwa sana, nitafika huko.

Kwa ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, nieleze kitu kimoja tu. Mrushaji anasimama mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji. Mpira ukipita ndani ya eneo fulani mbele ya mpigaji na yeye hakuugusa, ni straiki. Zikifika tatu, umetoka. Ukipita nje ya eneo, ni boli, na zikifika nne unapewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka, bure, unatembea zako. Upana wa eneo hilo ni mmoja kwa watu wote, sentimita 43, upana wa kile kibao cheupe kilicholala chini. Kinachobadilika ni kimo chake, maana kinafuata mwili wa mpigaji: kuanzia chini ya goti hadi katikati ya bega na mkanda wa suruali. Mfupi ana eneo dogo. Mrushaji anamlenga kwa shida. Shikeni hilo, kwa sababu karibu kila kadi ya njano inazunguka hapo, ingawa walioziandika ni kama hawakugundua.

Hebu nisogeze kamera. Mnaiona hii? Swali: nani mfupi kuliko wote aliyewahi kucheza ligi kuu? Geuza nyuma: Eddie Gaedel, futi 3 na inchi 7. Basi, imeisha. Mstari mmoja na kikaragosi cha mtu anachomoza kwenye keki.

Jamani, hapa wamenikera. Hiki kisa ndicho kitamu kuliko vyote kwenye boksi na wamekipa mstari mmoja. Ni Agosti 19, 1951, St. Louis, uwanja wa Sportsman's Park. Wenyeji ni Browns, timu iliyokuwa mkiani, na mwenye timu ni Bill Veeck, mtu aliyejua kujaza majukwaa kuliko kujaza kabati la vikombe. Siku hiyo zinachezwa mechi mbili mfululizo na Detroit Tigers. Katikati ya mechi hizo inaletwa keki kubwa ya bandia, Gaedel anachomoza, watu wanacheka, wanadhani kituko ndiyo hicho.

Kumbe bado. Mechi ya pili, zamu ya kwanza ya Browns kupiga, aliyepangwa kuanza ni Frank Saucier. Badala yake anatoka Gaedel, sentimita 109, kilo hazifiki 30, na jezi mgongoni imeandikwa 1/8. Moja ya nane, kweli kabisa, sehemu ya hesabu za darasani. Jezi yenyewe ilikuwa ya mtoto, Bill DeWitt Jr., ambaye baba yake alikuwa kiongozi kwenye klabu. Mtoto huyo alikua, na baadaye akawa mmiliki wa St. Louis Cardinals.

Mwamuzi Ed Hurley akasimamisha mchezo, anataka kujua huu ni mzaha gani. Kocha Zack Taylor akatoka na mkataba mkononi, umesainiwa, halali. Ikambidi Hurley aruhusu. Mdakaji Bob Swift, anayepokea mipira nyuma ya mpigaji, amepiga magoti chini, mrushaji Bob Cain hana pa kulenga. Veeck alikuwa ameshamwonya Gaedel asithubutu kuzungusha hilo rungu. Mipira minne ikapita, yote juu. Besi ya kwanza. Akaingia Jim Delsing kukimbia badala yake, Gaedel akampiga kikofi cha makalio kama mchezaji mkongwe, akatoka akiwainamia mashabiki. Na pamoja na vituko vyote hivyo Browns walifungwa 6-2. Kesho yake rais wa American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), Will Harridge, akaufuta mkataba.

Gaedel alikufa Chicago mwezi Juni 1961, umri miaka 36, baada ya kuvamiwa na kupigwa. Watu wa besiboli hawakujitokeza mazikoni, isipokuwa Bob Cain, yule yule aliyemrushia ile mipira minne. Hilo ndilo lilistahili kukaa nyuma ya kadi. Keki tungeijua tu.

Sasa pigeni hesabu na mimi, maana kadi imepitwa na wakati. Ujanja wa Veeck ulitegemea Gaedel achuchumae, ili eneo lake liwe dogo hadi lisionekane. Kuanzia msimu wa 2026 MLB, yaani hiyo ligi kuu, imeweka mfumo wa kompyuta: mpigaji, mrushaji au mdakaji akiona mwamuzi kakosea, anagusa kichwa chake, na mashine inatoa jibu. Mashine haitazami umechuchumaa au umesimama wima. Inachukua kimo chako kilichopimwa bila viatu. Ukingo wa chini ni asilimia 27 ya kimo hicho, wa juu ni asilimia 53.5. Kwa Gaedel hilo ni eneo la sentimita kama 29 kwenda juu. Kwa Aaron Judge wa Yankees, mwenye sentimita 201, ni kama 53. Kwa hiyo Gaedel hata angejikunja mpaka kidevu kiguse goti, asingepunguza kitu, lakini kwa 29 tu bado mrushaji angekuwa na kazi.

Halafu kuna hili la kupimwa bila viatu. Vimo kwenye kadi hizi vimetoka kwenye vitabu vya timu, na timu tangu zamani zilimwongezea mtu inchi pale inapomfaa. Mkikuta namba kwenye kadi hailingani na mtandaoni, msigombane mkizicheza ukweni.

Tuje kwa Jose Altuve. Hii kadi nawapa heko, swali limekaa vizuri: nani alimshinda Aaron Judge kwenye tuzo ya mchezaji bora wa American League mwaka 2017? Altuve, futi 5 na inchi 6, sentimita 168. Tofauti kati yao ni sentimita 33. Kuna picha zao wamesimama pamoja kwenye besi ya pili, kofia ya Altuve iko kifuani kwa mwenzake. Kadi inataja pia kwamba alipokwenda kujaribiwa na Astros, timu ya hapa Houston, kule kwao Venezuela walimrudisha nyumbani, wakasema ni mfupi mno. Kesho yake akarudi hapo hapo. Mwaka 2007 wakamsaini kwa dola 15,000, na kwa ligi hii hizo ni hela za nauli. Msimu wa 2014 alipiga hiti 225, yaani mara 225 alipiga mpira akafika besi salama. Ubingwa wa upigaji wa American League, wa mwenye wastani mkubwa wa hiti, ameuchukua mara tatu: 2014, 2016 na 2017.

Kadi haisemi kwamba Astros hao wa 2017 waliadhibiwa na MLB Januari 2020, kwa kuiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji wa wapinzani humpa mrushaji wake, na kugonga pipa la taka kumtaarifu mpigaji mpira gani unakuja. Mimi nimeligusa, nalipita. Hapa Houston ukiliendeleza unatafuta ugomvi.

Hizi nyingine nazipitisha upesi. Willie Keeler, futi 5 na inchi 4, mwaka 1897 alipata hiti kwenye mechi 44 mfululizo. Phil Rizzuto, mchezaji bora wa American League 1950. Bobby Shantz, tuzo hiyo hiyo 1952, na yeye ni mrushaji, kimo kama cha Altuve. Shantz ningempa kadi mbili, kwa sababu mrushaji mfupi hapati ile faida ya eneo dogo; mpira wake unatoka chini na kila mtu anamwambia atapigwa. Akashinda mechi 24, akapoteza 7.

Hii ya Hack Wilson itawasumbua wengi mkicheza. Swali: nani ana rekodi ya kuwaingiza wachezaji nyumbani, yaani kuipatia timu pointi, kwa upigaji wake ndani ya msimu mmoja? Watu watataja majitu. Ni Wilson, futi 5 na inchi 6, msimu wa 1930, mara 191, na mpaka leo hajafikiwa. Alikuwa mfupi, lakini mnene wa shingo na kifua, kilo 86, juu ya viatu vidogo mno kwa mwanamume mzito namna ile.

Lawama yangu ya mwisho ni kwamba boksi linaijua Marekani peke yake. Kim Sun-bin wa Kia Tigers, Korea Kusini, sentimita 165, alikuwa bingwa wa upigaji wa ligi yao mwaka 2017, mwaka ule ule wa Altuve, na timu yake ikatwaa ubingwa. Hayumo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu, Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh. Zamu yake ya kwanza kupiga, anayemrushia ni Jon Lester, akapata hiti. Kimo chake futi 5 na inchi 8, kwa ligi ile ni mfupi. Naye hayumo. Nimejiandikia kadi yake mwenyewe kwa kalamu, hii hapa, mwandiko mnisamehe.

Karatasi ya kadi ni nzuri, ngumu, haikunjiki pembe. Ila inang'aa mno, chini ya taa lazima uiinamishe ndipo usome, na maandishi ya majibu ni madogo kiasi kwamba mzee wa kuvaa miwani ataomba msaada. Nililipa dola ishirini na kitu. Kama nyumbani kwenu kuna mtoto anayecheza besiboli shuleni, chukueni. Kama mnataka visa vyenyewe, kadi zitawapa majina, visa mtavitafuta wenyewe.

Kitu kingine: kwenye boksi langu kadi ya Freddie Patek imerudiwa, zipo mbili. Ni yule wa futi 5 na inchi 5, aliyepiga homurani 41 (mpigo unaomzungusha mpigaji besi zote) maisha yake yote, na tatu kati ya hizo kazipiga mechi moja, Fenway Park, Juni 1980. Anayeitaka hii ya ziada aseme, nitamtumia kwa posta.