Hambaka iliyovuma, na fundi aliyesema itazoea

Nianze na nyota kabisa. Pikapu hii niliipa mbili, nikazifuta nikaweka tano, sasa hivi ziko nne, na sina hakika zitakuwa ngapi nikifika mwisho. Fundi aliyeifunga hana nyota kwangu. (Ni pikapu ya gitaa, jamani, kile kifaa cha sumaku na waya chini ya nyuzi kinachopeleka sauti kwenye amplifaya. Aliyekuja kutafuta gari la kubebea mizigo amepotea njia.)

Gitaa langu lina hambaka, yaani pikapu ya koili mbili za waya, kali, ya sumaku ya seramiki, pale kwenye briji nyuzi zinapoishia, na hiyo siigusi mpaka nizeeke. Ukikanyaga pedali ya mkwaruzo, inasaga mawe. Shida ilikuwa jirani yake wa shingoni, ile iliyokuja na gitaa. Ukipeleka swichi juu ili ilie hiyo peke yake, unasikia mtu anayeimba ndani ya mtungi. Ukipiga nota mbili za chini pamoja, zinaoana hapo hapo, huwezi tena kujua ipi ni ipi.

Kwenye kuchagua ya kuiweka mahali pake sikukurupuka, na hapa najisifu kidogo. Wengi wakishakuwa na pikapu kali kwenye briji hununua kali nyingine ya shingoni, eti zilingane. Hazilingani ng'o. Karibu na briji uzi umebanwa, unatikisika kidogo tu. Ukisogea shingoni unacheza kwa upana, kwa hiyo pikapu ya pale inapata mtikisiko mwingi bila jasho. Ukiweka kali huko, inaimeza ya briji na besi inafurika. Ndiyo maana nilitafuta mpole: yangu ya briji ukizani wa waya wake kwenye mita unasoma kilo-omu 16 na kitu, hii ya shingoni nikachukua ya kama 7 na nusu, sumaku ya aina ya alniko 5, ili besi ibaki imekaza. Tena omu zisikulevye. Waya ukiwa mwembamba zaidi omu zinapanda hata kama nguvu haijapanda kiasi hicho. Kulinganisha pikapu mbili za waya tofauti kwa omu peke yake ni kupima mbio za watu kwa urefu wa kamba za viatu vyao. Na hakikisha unanunua iliyotengenezwa kwa ajili ya shingoni, maana nafasi kati ya nyuzi ni pana zaidi kwenye briji kuliko huko.

Basi, mwezi uliopita hivi, au ule wa kabla yake, nikampelekea fundi. Mimi na chuma cha kulehemu hatujawahi kuelewana. Akanirudishia gitaa jioni ileile, skrubu zote zinang'aa. Nikafika, nikachomeka, nikapeleka swichi juu.

Mmmmmmmm.

Hambaka inavuma! Seth Lover alikaa pale kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson miaka ya 1950 akavisha pikapu koili mbili zinazopingana, kusudi mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Kazi ya hambaka ndiyo hiyo, na jina lake la Kiingereza, humbucker, linasema hivyo hivyo: mpinga mvumo. Yangu inavuma kama friji. Nikishika nyuzi, haikomi. Nikigeukia dirishani inapungua, nikiigeukia amplifaya inalia. Nimepiga mazoezi siku mbili nimesimama upande upande kama kaa. Na sauti yenyewe nyembamba, imepauka, ya briji inaifunika kabisa. Hapo ndipo nilipoandika zile nyota mbili, na maneno mengine niliyoyafuta.

Nikarudi kwa fundi.

"Kaka, hii inavuma."

Hakuinua hata kichwa. "Pikapu mpya hiyo. Iache izoee."

"Izoee nini?"

"Gitaa."

Nikamwambia hambaka haipaswi kuvuma, iwe mpya iwe ya babu. Hapo sasa akaniangalia. "Mdogo wangu, mimi nimeanza kulehemu wewe hujui hata kushika gitaa. Nyinyi mnasoma soma mtandaoni, mnarudi hapa na masikio ya kuazima." Kulikuwa na mteja mwingine amekaa pale na besi yake mapajani. Akacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, shingo inapata moto.

Masikio ya kuazima! Haya.

Nyumbani nikafungua volyumu kidogo, nikachukua bisibisi ya chuma, nikagonga taratibu juu ya koili moja ya shingoni: tok! Kubwa, wazi. Nikagonga ya pili: tk, kama mtu anayebisha hodi akiwa chini ya blanketi. Nikapima kwa mita kupitia waya wa gitaa, swichi ikiwa juu, volyumu zote wazi. Nilitegemea karibu 7 na nusu, nikapata pungufu ya 4. Nusu. Koili moja ilikuwa imekufa, iliyobaki inafanya kazi peke yake, na koili moja peke yake lazima ivume.

Kumbe ni rangi za waya. Hambaka ya waya nne ina ncha mbili kwa kila koili, na kila kampuni ina rangi zake. Kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa kutoa sauti, mwekundu na mweupe vinaunganishwa, kijani na ule usio na ganda vinaenda ethi. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa sauti, na vinavyounganishwa ni mweusi na mweupe. Yangu inafuata mpango wa kwanza, fundi akafunga kwa mpango wa pili, kwa sababu ndivyo ilivyofungwa ile ya briji. Mweusi na mweupe kwangu ni ncha mbili za koili moja. Ukiziunganisha umeizima.

Niwe mkweli, karatasi ya kueleza rangi za waya ilikuwa ndani ya boksi, na boksi nililiacha kwenye droo. Kwa hiyo kuna kipande cha kosa ni changu. Kidogo. Lakini fundi mzima unaona waya nne, huulizi kampuni, huulizi karatasi, hugusi hata mita? Sekunde tano! Muda aliotumia kunisema masikio ungetosha kupima mara tatu.

Rafiki yangu mwenye mkono mtulivu akalehemu, mimi nikashika tochi. Jaribio la kwanza mvumo ukaisha, ila swichi ikiwa katikati sauti ikatoka ya puani, haina tumbo: pikapu mbili zinavutana. Tukabadilishana mweusi na kijani, ule usio na ganda ukabaki ethi, ikapona. Kisha nikaishusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nene.

Nikapiga nyuzi sita, moja moja, polepole, bila mkwaruzo. Nilizihesabu. Zote sita zilikuwepo, kila mmoja na sauti yake, na nikisimama nitakavyo. Nimekaa nazo mpaka usiku mkubwa. Ndipo zikaja nyota tano, nikatoa moja kwa sababu ile karatasi imeandikwa kwa herufi za kusomwa na mchwa.

Roho ikatulia hata nikamwandikia fundi, kwa adabu: kaka, koili moja ilikuwa imezimwa na waya, tumerekebisha, sasa haivumi.

Akajibu papo hapo: "Umeona? Nilikuambia itazoea."

Nyota tatu. Pikapu inisamehe.