Rivyu: programu ya kurekodi nidhamu ya wanafunzi, kutoka kwa mwalimu anayeitumia Eastlands

Nyota tatu kwa tano. Ningeweka nne lakini kuna vitu hapa vimenikasirisha na nitavifikia, wacha kwanza niseme venye inafanya kazi kwa sababu najua kuna madipyuti (manaibu wa prinsipali) wengi Nairobi sai wanapigiwa simu kila mara na mawakala wa hizi programu za shule, na demo huwa tamu sana. Jina la kampuni siweki, demo zenye nimeona zote zinafanana kiasi kwamba haya nitasema utayakuta kwa nyingi.

Mimi nashughulikia nidhamu kwa sekondari moja ya kutwa, wavulana na wasichana, huku Eastlands. Kabla ya hii tulikuwa na kitabu cheusi, na kama ulisomea Kenya unakijua, kauntabuku kubwa ya gamba gumu inakaa kwa ofisi ya dipyuti na jina lako likiingia hapo umeisha. Kauntabuku haifiki mia tano na haihitaji stima wala bando, hiyo siipingi. Lakini jaribu kutafuta kitu ndani yake. Mwalimu wa zamu ameandika "Otieno, makelele" na fomu tatu pekee tuna akina Otieno kibao, hakuna darasa, hakuna tarehe, alafu kuna kurasa zilitoweka na kila mtu stafurumu anajua zilitoweka wiki ambayo bodi ya shule ilikuwa inakaa. Ukifika mbele ya bodi mtu anauliza huyu kijana alishaonywa lini na nani, mnaangaliana.

Kwa kuingiza kisa, programu imeweza. Unafungua kwa simu, unatafuta mwanafunzi kwa namba ya admisheni, unachagua kosa, mahali, saa, nani alikuwepo, unaandika maelezo, unachagua hatua iliyochukuliwa, inaenda kwa dipyuti anaidhinisha. Ukizoea ni kitu ya dakika mbili. Ukishatuma hufuti, na ukibadilisha neno inaonyesha nani amebadilisha na saa ngapi. Hiyo peke yake imetuliza mambo, kwa sababu kitambo mtoto wa mtu anayejulikana jina lake lilikuwa linapotea tu. Intaneti ikikataa inaweka kwa simu mpaka mtandao urudi, na stima zikipotea (huku kwetu zinapotea) haikusumbui. Sapoti yao iko WhatsApp na wanajibu, ata usiku, hapo nawapa heko.

Kitu ilinibamba zaidi ni ripoti ya mahali na saa. Chukua wachelewaji. Maneno ya stafurumu siku zote yalikuwa hawa watoto ni wavivu, wanalala na simu. Ripoti ya muhula ikatoka, mtaa anakotoka mtoto programu inachukua kwa fomu ya admisheni, unapata karibu wote ni wa upande mmoja, Kayole na Njiru huko, na ukiangalia tarehe ni zile asubuhi za mvua. Mtu wa Nairobi haelezwi hiyo. Mvua ikinyesha nauli inapanda, Jogoo Road inasimama, na mtoto mwenye alipewa nauli ya kuhesabiwa anashuka kwa hiyo foleni akatembea. Prinsipali alisoma hiyo ripoti, tangu hapo siku ya mvua prifekti wa geti anaandika jina tu na mtoto anaenda darasani, hakuna kupiga magoti kwa matope. Kitabu cheusi hakingewahi kutuonyesha hiyo.

Sasa shida. Orodha ya makosa imetolewa kwa shule za ng'ambo na hakuna mtu alikaa chini kuiangalia. Kuna "fujo ndani ya basi la shule". Basi gani? Kuna "kuharibu loka". Kusniki, yaani kutoroka shule, haiko, kutafuna kuber, ile tumbaku ya mdomoni, haiko, kuuza mandazi darasani haiko, na hiyo ya mandazi kwetu ni biashara kubwa. Tulipoomba waongeze wakaongeza, sawa, lakini ilichukua muda na walimu wakawa wanaweka kila kitu chini ya "utovu mwingine", na ukiwa na kundi kubwa la "utovu mwingine" ripoti yako haikuambii chochote.

Hiyo ningeisamehe. Yenye sisamehi iko kwa sehemu ya hatua iliyochukuliwa. Wamekupa kuonywa, kubaki shuleni baada ya masomo, kazi ya mkono, kuita mzazi, kusimamishwa, na "nyingine". Kubaki baada ya masomo tuiache kwanza, maanake msichana wa kushukia Ruai ukimbakisha mpaka giza hiyo ni shida mpya umeunda. Angalia "nyingine". Ukiibonyeza haikuulizi kitu, inakuruhusu uendelee. Kwa hivyo walimu wanabonyeza "nyingine" na kwa maelezo wanaandika neno moja, "ameadhibiwa". Ameadhibiwa vipi? Sote tunajua vipi. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 inasema ukimtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, kwa mwili ama kwa akili, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au jela isiyozidi miezi sita au zote mbili. Programu inajua kosa la mtoto mpaka dakika lilipotokea, na ya mwalimu imeachiwa shimo la kujificha. Na ukiniuliza mimi, rekodi ya nidhamu inafaa iwe na pande zote mbili, yenye mtoto alifanya na yenye shule ilifanya baadaye, na hiyo ya pili iandikwe kwa makini zaidi kwa sababu ndiyo utaulizwa na mzazi, na bodi, na siku mbaya hakimu. Niliwaambia waweke sharti moja tu, ukichagua "nyingine" haitumi mpaka uandike hatua yenyewe kwa sentensi nzima. Si kazi ngumu kwa mtu wa kompyuta, mpaka wa leo bado.

Ya pili, hakuna mahali pa mtoto kuongea. Kwa kitabu cheusi angalau ilikuwa kawaida mwanafunzi anapewa fulskapu anaandika stetimenti yake, ata kama ni uongo mtupu, inabanwa kwa faili. Hapa inabidi upige picha ya fulskapu uambatanishe, na picha ikiwa kubwa inakataa bila kukuambia imekataa, unakuja kugundua wakati unahitaji. Katiba kifungu cha 47 inataka uamuzi unaomgusa mtu ufanywe kwa haki, na haki yake ikiguswa apewe sababu kwa maandishi. Ukimpeleka kijana mbele ya bodi unafaa uwe na kosa, stetimenti yake, lini mzazi aliitwa, nani alikuwa kwa kikao, na uamuzi ulifikiwa kwa nini. Programu inakuchapishia nini? Orodha ya makosa na jumla ya pointi.

Ndio, pointi. Kila kosa lina pointi zake, zikijaa jina linakuwa jekundu na chini inaandikwa "pendekezo: asimamishwe". Shati nje mara kadhaa pamoja na kuchelewa kwa mvua za Aprili na mtoto ashakuwa mwekundu sawa na mwenye alipatikana na bangi. Alafu kusimamisha mtoto wa kutwa Nairobi hii ni kumpeleka wapi? Mzazi ametoka nyumbani alfajiri, mtoto anashinda kwa beisi, kijiweni, na wale wale tulikuwa tunamkataza. Tumezima pointi, inazimika kwa setingi, ukinunua zima siku ya kwanza.

Nimesoma kuhusu mfumo mmoja wa Marekani unaitwa SWIS, ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Oregon, huo mwalimu anaulizwa pia anadhani mwanafunzi alikuwa anatafuta nini alipofanya kile kitu, kuonekana na wenzake, kukwepa kazi, kupata kitu fulani. Ni swali dogo lakini linabadilisha hatua utachukua. Mwenye anafanya fujo kila somo la hesabu ili atolewe nje, ukimtoa nje umempa zawadi. Yetu haiulizi, kwa hivyo tumekubaliana tu walimu waandike kwa maelezo, wengine wanaandika, wengine hapana.

Meseji za wazazi sasa. Inakuja ikiwa imewashwa, yaani mwalimu akituma tu kisa, kabla dipyuti aidhinishe, SMS ishaenda kwa mzazi, kwa Kizungu, herufi kubwa, ati mwanao amehusika kwa KISA CHA NIDHAMU DARAJA LA PILI fika shuleni. Mama mmoja anauza mitumba Gikomba, aliacha meza na jirani akakuja mbio na boda, amefika anatetemeka, "Mwalimu, kwani mtoto wangu ameua mtu?" Nikafungua kisa nikiwa nimesimama naye hapo. Sketi fupi. "Pole sana mama," ndio nilikuwa nayo ya kumwambia, na alikuwa amepoteza biashara ya asubuhi nzima. Zima hiyo pia, alafu ukitaka kumuita mzazi mpigie simu uongee kama mtu. Na uhakikishe namba, tuna za baba waliohama kitambo zikiendelea kupokea mambo ya watoto. SMS zenyewe unalipia kando juu ya ile ada ya kila mwanafunzi, hiyo kwa demo hawaisemi kwa sauti.

Kitu kingine cha kuangalia ni nani anaona nini. Ilivyokuja, kila mwalimu mwenye paswadi alikuwa anaona kila kitu ya kila mwanafunzi mpaka maandishi ya mwalimu wa ushauri. Unajua msichana anaenda kuongea na huyo mwalimu kuhusu nini? Mambo ya nyumbani, mambo ya baba wa kambo, na stafurumu nzima inasoma na chai. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na uitumie kwa njia yenye inalinda masilahi yake. Si maneno ya karatasi, 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 na hiyo ilikuwa ni picha za wanafunzi tu zimewekwa mtandaoni bila idhini ya wazazi. Sasa fikiria rekodi ya ushauri. Kampuni walisema wanaweza kugawa ruhusa lakini ni kifurushi cha juu. Tulikataa kulipa, mwalimu wa ushauri akarudi kwa daftari lake na kabati yenye kufuli, kwa programu anaweka tu tarehe kwamba mwanafunzi ameonwa.

Walimu wazee wameikubali nusu nusu. Kuna mmoja anaandika kwa karatasi alafu karani anaingiza, na ukweli maelezo yake ndio mazuri kushinda ya vijana wote, anaandika alichoona na maneno yaliyosemwa, haandiki "kiburi" tu kama wengine wetu.

Kwa hivyo inunue? Shule kubwa yenye madarasa mengi, ndio, kwa sababu ya ripoti na kwa sababu hakuna kurasa za kuchanwa. Shule ndogo ya watoto mia moja na kitu, kauntabuku iliyochorwa safu vizuri, ya mwisho ikiwa pana na imeandikwa "shule ilifanya nini", inakutosha na pesa ibaki. Sisi tunaendelea nayo mpaka mwisho wa mwaka. Na kabla hujasaini, waulize data yako inatoka vipi siku ukiwaacha, wakuonyeshe ikitoka hapo hapo mbele yako. Sisi tuliambiwa itatoka kwa Excel, tukaomba ya majaribio, ikaja PDF ya mwanafunzi mmoja mmoja.