Programu ya Biblia ya YouVersion: nzuri, ila ipangilie upya kwanza

Programu hii ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani, na mpaka leo ni ya bure na haina matangazo. Kwa Kiswahili utapata Union Version, Habari Njema na Neno. Ukikwama kwenye Kiswahili kizito cha Union katika Warumi, gusa jina la tafsiri, chagua Habari Njema, na utabaki kwenye sura ileile. Kwa msomaji wa kawaida, hilo pekee linatosha kuipakua.

Shida iko kwenye vikolombwezo. Kihesabu cha siku mfululizo hupanda kwa kufungua programu tu, na sehemu za mpango wa usomaji zinaweza kuwekewa tiki bila kusomwa hata mstari mmoja. Ndipo mtu aliyechoka anafungua saa tano usiku, anaweka tiki, analala. Namba imepanda, moyo uko palepale, na kesho yake anaogopa kuvunja mfululizo kuliko anavyotamani kusikia Neno. Ukiona umefika hapo, kipuuze kihesabu kabisa. Ukichelewa kwenye mpango, usikimbizane na siku tano kwa mkupuo mmoja: ndani ya mpango kuna sehemu ya kusogeza tarehe, uanzie ulipoishia. Na chagua mpango mfupi. Luka ina sura 24. Sura moja kwa siku, ikisomwa mara mbili, inajenga kuliko mpango wa mwaka mzima unaokufa ukifika Walawi.

Mstari wa Siku nao utumie kwa uangalifu. Yeremia 29:11 hupendwa sana na hutumwa kwenye magrupu ya WhatsApp kila Jumatatu, lakini ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70. Wafilipi 4:13 nayo inafuata maneno ya Paulo kuhusu kuwa radhi katika njaa na katika kushiba. Haiahidi kufaulu mtihani ambao hukuusomea. Kwa hiyo arifa ikiingia, usiisambaze kwanza. Gusa mstari, fungua sura nzima, soma hata mistari kumi juu na chini yake. Kama una dakika mbili tu, heri mistari hiyo kuliko kutuma picha ya mstari yenye maua.

Tunachokipenda zaidi ni sehemu ya kuandika. Kabla ya kuhifadhi dokezo, angalia nani ataliona, kisha chagua la faragha. Mathayo 6:6 inasema tusali mbele za Baba aliye sirini, na ungamo lililoandikwa huku unajua rafiki zako watalisoma hupambwa bila hata kukusudia. Andika kwa jina kile unachopambana nacho: hasira kwa mke, chenji uliyozidishiwa ukanyamaza, deni unalomkwepa jirani. “Bwana nisaidie niwe mtu bora” ni rahisi kuandika, na haikudai chochote ukiamka.

Kuhusu bando: pakua tafsiri yako ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha washa hali ya ndege wakati wa kusoma, maana WhatsApp ndiyo inayovunja sala nyingi. Si kila tafsiri inaruhusu kupakuliwa, kwa hiyo ijaribu bila mtandao kabla ya kusafiri. Sauti inawafaa sana wazee wenye macho hafifu na anayepika huku anasikiliza, lakini hula data.

Wakatoliki wahakikishe kabla ya kupakua: Union ina vitabu 66, hivyo hamtavikuta humo vitabu vya Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku wala Wamakabayo. Kwa masomo ya Misa yanayotoka katika vitabu hivyo, chukueni Biblia ya karatasi yenye vitabu 73.

Nyota 4 kati ya 5.