Nilivyomtafuta baba wa bibi kwa kipimo cha mate

Bibi alizaliwa Nachingwea 1950, enzi za Waingereza na mashamba yao ya karanga. Baba yake hatukumjua. Sisi Wamwera ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sana. Yeye mwenyewe aliambiwa tu, "Baba yako mtu wa karanga," basi. Ila rangi yake ilisema.

Mama alipokwenda kumtembelea kaka Uingereza, tukamnunulia kipimo cha vinasaba, pauni 79. Ningepimwa mimi ingekuwa hasara: mama, binti wa bibi, amebeba karibu robo ya vinasaba vya yule mzee tunayemtafuta, mimi nusu ya hiyo. Unatakiwa usile wala kunywa nusu saa kabla ya kutema, na mama bila chai hasemeki. Mate yakagoma kufika kwenye mstari wa kichupa, mpaka kaka akakata limau mbele yake alitazame tu.

Majibu yalichukua wiki tano. Ramani ya asili ipuuze. Wamwera, Wayao na Wamakonde wote tumerundikwa kwenye doa moja. Uhondo uko kwenye orodha ya ndugu. Akatokea mama mmoja wa Uskoti, sentimogani 440 (ndicho kipimo cha kiasi cha vinasaba anavyofanana na mama). Kampuni imeandika "binamu" ikaishia hapo, na nilipoomba ufafanuzi nikajibiwa na mashine. Ikabidi nijifunze mwenyewe. Kiasi hicho kinaweza kumaanisha kuwa yule mzee ni babu yake, au ni ndugu wa baba yake. Umri ndio ulionisaidia: huyu mama ana miaka 72, na babu yake mwaka 1950 angekuwa kwenye sitini. Mimi nasema ni baba yake mdogo.

Tukamwandikia. Akajibu mara moja: baba yake alikuwa na wadogo wawili, wote walifanya kazi Tanganyika. Wawili! Kipimo hakiwatenganishi mpaka wapimwe watoto wao, na tangu hapo kimya.

Nawapa nyota tatu. Jueni pia kwamba mzee angekuwa kibarua wa reli kutoka Songea, huenda tusingepata mtu, maana watu wa huku kwetu tuliopimwa ni wachache mno.

Nikipiga simu Nachingwea, bibi haniulizi tena habari za baba yake. Anauliza, "Mdogo wangu wa Uskoti kajibu?"