Bango la Jaws ukutani kwangu: miezi minane ya kulitazama

Sebuleni kwetu Tanga nimetundika bango la Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Ni chapa mpya, si bango la kale. Miezi minane sasa nalipita asubuhi na jioni, na bado hunisimamisha.

Juu kuna jina la filamu, herufi nene nyekundu kwenye weupe mtupu. Chini yake mwanamke anaogelea peke yake, hana habari. Kutoka kilindini papa anapanda wima, kichwa kimechongoka kama ncha ya mkuki, meno nje. Angalia jambo moja: hakuna hata tone la damu. Wekundu wote umewekwa kwenye jina, na jicho lako likishuka kutoka pale linajua tayari kitakachotokea. Mchoraji alisimama sekunde moja kabla ya tukio, akatuachia sisi kazi iliyobaki.

Mjomba wangu ni mvuvi. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, papa wa ukubwa huu sijapata kumwona. Lakini bahari ndivyo ilivyo, juu shwari." Ukubwa ule, kwa hakika, ulikusudiwa. Picha ilianza kama jalada la kitabu: riwaya ya Peter Benchley ilitoka mwaka 1974, na kwa toleo la bei nafuu kampuni ya uchapishaji ya Bantam ikamwita mchoraji Roger Kastel achore papa mkubwa zaidi na anayefanana zaidi na papa halisi kuliko wa jalada la kwanza. Kastel alikwenda kwenye makumbusho ya American Museum of Natural History, New York, kupiga picha papa waliohifadhiwa pale. Mwogeleaji naye alikuwa mwanamitindo aliyelazwa juu ya viti studio, akijifanya anaogelea. Watengenezaji wa filamu walipouona mchoro wakauchukua.

Na mchoro wenyewe umepotea. Aliyenunua bango la mwaka 1975 kwa fedha nyingi na mimi niliyenunua la juzi, sote tunatazama chapa. Ndiyo maana nimekuwa mkali sana juu ya uchapaji. Ubora wa karatasi na wino ndio uhai wote uliobaki wa kazi ile.

Chapa yangu ya kwanza, kutoka duka moja la mtandaoni, niliirudisha. Zamani mabango ya sinema Marekani yalikuwa inchi 27 kwa 41 na yalisafirishwa yamekunjwa, kwa hiyo ya kale yana alama za mikunjo. Duka lile lilipiga picha bango la kale na kulichapa na mikunjo yake, basi papa wangu alikuwa na mistari ya kijivu usoni. Weupe wa juu ulikuwa umegeuka manjano, na majina ya waigizaji chini yamevujiana hata Robert Shaw hasomeki.

Ya pili, ya duka jingine, ndiyo niliyonayo. Karatasi nzito isiyong'aa, weupe safi, na maji yanatoka buluu hafifu juu hadi giza chini bila kukatikakatika. Hapo kwenye giza ndipo chapa mbovu hushindwa, kila kitu kinakuwa doa jeusi. Kwenye hii bado unaona mbavu za maji kando ya taya. Kasoro ninayoijua ni kipimo: inchi 24 kwa 36, uwiano tofauti kidogo na wa asili, kwa hiyo wamepunguza pambizo ya juu na jina limesogea karibu na ukingo mno. Linanikera kila ninapokaa kwenye kochi la dirishani.

Fundi wa fremu alinisaidia sana. Aliweka ukanda wa kadibodi kati ya karatasi na kioo, maana kwa unyevu wetu wa pwani karatasi hugandana na kioo na huwezi kuibandua tena. Nimelitundika ukuta usiopigwa na jua, kwa kuwa wekundu ndio hupauka mapema.

Ukitaka kununua lako, kabla ya kulipa mwombe muuzaji akupigie picha ya karibu ya sehemu mbili: majina madogo ya chini, na giza lililo chini ya taya za papa. Akikutumia picha ya bango zima tu, tafuta duka jingine.